Desa Zuri, Mtihani wa Watu Wengine

Muhula mpya ukianza, swali huwa lilelile katika magrupu ya WhatsApp ya wanaosoma shahada kwa njia ya mtandao: "Wakuu, nani ana desa zuri la uhasibu?" Haipiti saa moja majibu yamejaa. Kuna PDF ya kitabu kizima, slaidi za mhadhiri wa chuo kingine, viungo vya YouTube, chaneli ya Telegram yenye mafaili yasiyohesabika, na mmoja anayejibu "muulize ChatGPT tu". Kila mtu anashukuru, anapakua, na simu inaanza kulalamika kwamba nafasi imeisha. Sijaona bado anayeuliza desa hilo, yaani nyenzo hiyo ya kusomea, liliandikiwa mtihani gani.

Nadhani uchaguzi wa nyenzo unaharibikia hapo. Tunabishana kuhusu ubora: kitabu kipi kinaeleza vizuri, mwalimu yupi wa YouTube haboi, kozi ipi inatoa cheti. Ubora una nafasi yake, ila ni ya pili. Kila kitabu, kila video na kila seti ya maswali ina anwani juu yake kama barua. Mtunzi alikuwa na mwanafunzi fulani kichwani, wa nchi fulani, chini ya sheria fulani, anayejiandaa kwa mtihani fulani. Mara nyingi barua ya mwenzio nayo inakufaa. Mara nyingine inakupotosha kimyakimya, na kadiri ilivyoandikwa kwa ufundi ndivyo unavyopotea kwa raha zaidi.

Uhasibu unaonyesha jambo hili kuliko somo jingine lolote la biashara. Anayetafuta kitabu cha bure haendi mbali kabla ya kukutana na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston ambao umekuwa ukitoa vitabu huria tangu mwaka 2012. Kitabu chao cha uhasibu kilitoka mwaka 2019 katika juzuu mbili, moja ya uhasibu wa fedha na nyingine ya uhasibu wa menejimenti. Ni kitabu kizuri, lugha yake nyepesi, mazoezi yamejaa. Ila kimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Marekani, na Marekani ina kanuni zake za uhasibu, US GAAP, wakati sisi tunafuata viwango vya kimataifa, IFRS. NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliiingiza Tanzania katika IFRS kuanzia Julai 1, 2004. Kenya ilitangulia mwaka 1999.

Sasa fungua sura ya kuthaminisha bidhaa zilizobaki ghalani. Utakuta FIFO, yaani iliyoingia kwanza ndiyo iliyouzwa kwanza, utakuta wastani, halafu utakuta LIFO, njia inayochukulia kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza. Bei zikipanda, LIFO hupunguza faida kwenye vitabu na kodi nayo hupungua, kwa hiyo haishangazi kwamba kampuni nyingi za Marekani zimeipenda. Kwetu ni marufuku. IAS 2 iliyorekebishwa, kiwango cha kimataifa cha bidhaa za ghalani ambacho kilianza kutumika Januari 1, 2005, hakiitambui kabisa. Mwanafunzi aliyetumia wiki nzima kukokotoa LIFO hadi ikamkaa amejifunza hesabu sahihi ambayo hakuna kampuni ya Arusha inayoruhusiwa kuitumia katika taarifa zake za fedha. Kitabu chenyewe, kwa haki yake, kimewekewa visanduku vya kukumbusha tofauti za IFRS. Lakini nani kati yetu husoma visanduku?

Hayaishii hapo. IAS 16, kiwango cha mali za kudumu, inairuhusu kampuni kuthaminisha upya ardhi na majengo na kuandika thamani mpya vitabuni, jambo ambalo lina uzito kwa mwenye jengo Kariakoo. Kanuni za Marekani zinaliacha jengo kwenye gharama yake ya awali ukitoa uchakavu. Kodi ya mauzo ya kule hutozwa mara moja, pale bidhaa inapomfikia mlaji. VAT yetu, kwa kiwango cha kawaida cha 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, hutozwa kila hatua huku mfanyabiashara akidai aliyolipa kwenye manunuzi. Aliyejifunza kodi kutoka kitabu cha Marekani anaingia kwenye mtihani bila kujua akaunti ya VAT inafungwaje, na hilo ni swali la mwaka wa kwanza.

Sisemi kitupwe. Debiti na krediti hazina uraia. Juzuu ya pili, ile ya uhasibu wa menejimenti, yenye bajeti, gharama, na kiwango cha mauzo ambacho biashara haipati faida wala hasara, unaweza kuisoma karibu yote bila hofu. Juzuu ya kwanza isome ukiwa na mkasi: majarida, leja na marekebisho ya mwisho wa mwaka, chukua; ghala, mali za kudumu, kodi na mishahara, tafuta kwingine. Na kama uko Lubumbashi au Bukavu, jua kwamba Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012 na ina mfumo wake wa hesabu, hivyo hata desa la Nairobi linaweza lisikufae.

Sheria ya biashara ina mtego uliofichika zaidi, kwa kuwa hapa hata jirani na jirani wanatofautiana. Kenya, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inafuata sheria ya mikataba ya Uingereza ile inayotokana na hukumu za mahakama. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo imefuata kwa karibu sana sheria ya India ya mwaka 1872. Ni urithi wa mkoloni mmoja uliogawanyika njiani. Matokeo yake ni kwamba notisi nzuri za Kiingereza kuhusu mikataba, zile za wanafunzi wa London, zinamfaa Mkenya kuliko Mtanzania. Chukua suala la kile ambacho kila upande hutoa ili ahadi ya mwenzake iwe na nguvu kisheria. Uingereza, kwa ujumla, jambo lililokwisha kutendeka kabla ya ahadi halihesabiwi, isipokuwa katika mazingira finyu. Kifungu cha 2 cha sheria ya Tanzania kinahesabu hata lile ambalo mtu amekwisha kulitenda kwa matakwa ya mtoa ahadi. Swali ni lilelile, majibu mawili, na yote sahihi mahali pake.

Kuna faida ya kuchekesha hapo. Wale wahadhiri wa biashara wa Kihindi wa YouTube, ambao baadhi yetu tunawakimbia kwa sababu ya lafudhi, kwenye mikataba wako karibu zaidi na mtihani wa Dar es Salaam kuliko profesa wa Oxford. Ukiwasikiliza hao wa Kihindi, fungua na sheria yenyewe pembeni uhakikishe vifungu. Hukumu na sheria za Tanzania zipo bure TanzLII, na za Kenya zipo Kenya Law. Mwanafunzi wa sheria ya biashara ambaye hajawahi kufungua mojawapo ya tovuti hizo, lakini ana madesa ya gigabaiti mbili, amechagua vibaya.

Kwa wanaosoma kompyuta, anwani inasomwa zaidi kwa tarehe kuliko kwa nchi. Python 2 ilifikishwa mwisho rasmi Januari 1, 2020, lakini mafunzo yake bado yanazagaa. Kosa la wazi, kama amri ya print isiyo na mabano, halina madhara makubwa: programu inakataa kufanya kazi, unatafuta sababu, unajua. Baya ni lile lisilopiga kelele. Andika 5/2 kwenye Python 2 unapata 2. Kwenye Python 3 unapata 2.5. Somo la zamani la kukokotoa wastani litakupa maelezo ya tabia ambayo kompyuta yako haina, na utaanza kujiona mjinga bila sababu. Hifadhidata nazo zina lahaja. LIMIT, amri ya kuomba safu chache tu, uliyojifunza kwenye MySQL inafanya kazi pia PostgreSQL, lakini SQL Server inataka TOP, na Oracle ina FETCH FIRST. Kabla hujapakua mafunzo ya SQL, uliza mtihani wako unasahihishwa kwa mfumo upi.

Vyeti vya fani vinaonyesha tarehe waziwazi. CompTIA, taasisi inayotoa vyeti vya kompyuta, hubadilisha mitihani yake takriban kila miaka 3. Security+, mtihani wake wa usalama wa mifumo, wa namba SY0-701 ilitoka Novemba 2023, na iliyotangulia, SY0-601, ikastaafishwa Julai 2024. Kitabu cha toleo lililostaafu huuzwa kwa bei ya kutupa, na wanaokinunua hudhani wamepata bahati.

Lakini uzee si kasoro kwa kila somo. Nadharia ya hifadhidata za uhusiano aliiandika Edgar Codd mwaka 1970 na ndiyo inayofundishwa mpaka leo. Algoriti za kupanga na kutafuta, hisabati ya mantiki, namna mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu: humo mihadhara ya zamani ya MIT OpenCourseWare, kozi za bure za chuo cha MIT cha Marekani, inaweza kukufaa kuliko video ya jana ya mtu anayekimbilia kwenye tangazo. Kipimo changu ni chepesi. Kama somo linahusu kifaa au programu yenye namba ya toleo, tafuta jipya. Kama linahusu wazo, tafuta anayeeleza vizuri, hata awe wa miaka ishirini iliyopita.

Anwani ya mtihani wako unaipata kwenye mtihani wenyewe. Utaratibu wa kawaida ni kusoma kitabu, kisha notisi, na pasti pepa zikija wiki ya mwisho kama dawa ya dharura. Ningeugeuza. Wiki ya kwanza, kabla ya kupakua chochote, chukua muhtasari wa kozi na mitihani ya miaka mitatu iliyopita, uisome bila kujaribu kujibu. Utaona mhadhiri anapenda kuuliza nini, alama ziko wapi, anataka hesabu au maelezo. Baada ya hapo ndipo unajua desa lipi ni lako. Bodi za fani zinakwenda mbali zaidi: ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, hutoa ripoti za watahini zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi, na huzitoa bure. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uhasibu, hata asiye na mpango wa kufanya mitihani hiyo, ripoti hizo zinafundisha kuliko video nyingi, kwa sababu anayesema ni yule anayesahihisha.

Kila mfumo wa chuo unabadilisha jibu. Pale University of the People, chuo kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009, ada ya masomo hakuna ila kuna ada ya tathmini kwa kila kozi; muhula ni wiki 9, vitabu ni huria, na kazi husahihishwa kwa kufuata jedwali la vigezo. Hapo cha kwanza kusoma ni jedwali hilo, maana msahihishaji wako, ambaye huenda anaishi Lagos au Manila, halijui lengo lako, analijua jedwali tu. Wiki tisa hazina nafasi ya kozi ya pembeni ya saa arobaini. Watu wetu walioko Marekani wanaojiandikisha Western Governors University wako katika hali nyingine. Chuo hicho cha Salt Lake City, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana 19, hutoza ada ya miezi 6 kwa mkupuo. Umalize kozi nne au kumi, bei ni moja. Mwendo huo unakushawishi utafute njia ya mkato, na kwa mara hii njia ya mkato ina akili: fanya jaribio la awali siku ya kwanza ukiwa hujasoma kitu, uone mapengo, usome mapengo tu. Anayelirudia jaribio hilohilo mpaka akalikariri amelipoteza, kwani halimwambii tena chochote. Kenya nayo ilipokipa hati Open University of Kenya Agosti 2023, miongoni mwa programu za mwanzo zilikuwa sayansi ya data, usalama wa mtandao, na biashara na ujasiriamali. Chuo kichanga hakina rundo la pasti pepa. Wanafunzi wake, kama wa chuo chochote kinachoanza, wanalazimika kutegemea muhtasari wa kozi na kumuuliza mhadhiri moja kwa moja mtihani utakuwa wa namna gani, jambo ambalo wengi huliona aibu.

Nyenzo ikishapita mtihani wa anwani, ndipo tuzungumze ubora, na hapa nina ubishi na wapenzi wa video. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara mzuri na waliotatua maswali darasani kwa makundi. Waliotatua maswali walipata alama za juu zaidi, lakini walioketi kusikiliza ndio waliohisi wamejifunza zaidi. Hisia na matokeo vilipishana. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kitu cha jamii hiyohiyo: waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliojipima wenyewe waliwapita mbali, 61% kwa 40%. Video ya ufundi inakupa hisia ile ya dakika tano. Mtihani uko mbali zaidi ya wiki moja.

Kwa hiyo nyenzo isiyo na maswali, hata ing'ae vipi, naiweka chini ya nyenzo mbovumbovu yenye maswali na majibu. CS50 ya Harvard, kozi ya David Malan ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ambayo ni bure, inasifiwa kwa mihadhara yake ya kusisimua, na watu huitazama kama tamthilia, sehemu baada ya sehemu. Mhadhara ndio sehemu yake ninayoweza kuiacha. Thamani iko kwenye mazoezi ya kila wiki, yanayokaguliwa na programu inayokuambia msimbo wako umekwama wapi. Ukiwa na bando la saa chache, pakua mazoezi, acha video.

Na bando ni sehemu ya uchambuzi huu, ingawa waandishi wa orodha za "nyenzo bora" hawaligusi kwa sababu wanaishi kwenye Wi-Fi. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, na ukisahau jambo unairudia kwa gharama ileile. Maandishi unayapakua mara moja. Tovuti ya Python inakuruhusu kupakua maelekezo yake yote rasmi kwa mkupuo. Kiwix, programu huria, inakuwezesha kubeba Wikipedia na maswali na majibu ya Stack Overflow kwenye memori kadi na kuyatafuta bila intaneti. Kwa mwanafunzi wa Kigoma mwenye mtandao wa kubahatisha, hiyo inashinda usajili wowote wa kulipia.

Kuhusu tovuti za kuuza majibu ya asaimenti, na "madampo" ya maswali halisi ya mitihani ya vyeti, nitasema kidogo. Majibu mengi huko yamewekwa na wanafunzi waliokuwa wanakisia kama wewe, na CompTIA ina haki ya kukufutia cheti ikigundua ulitumia maswali yaliyoibwa. Biashara ya kuandikiana kazi, ambayo imewalisha vijana wengi wa Nairobi walioandikia wanafunzi wa ng'ambo, Uingereza iliifanya kosa la jinai upande wa England mwaka 2022 kwa wanaoitoa huduma hiyo. Vijana walioiandika kwa miaka mingi wana ujuzi wa kweli wa masomo hayo. Waliowalipa ndio wasionao.

ChatGPT na wenzake nawaweka mahali pa pekee. Hawana anwani kabisa. Ukiuliza kuhusu kuthaminisha bidhaa ghalani bila kutaja IFRS, unaweza kupewa LIFO kwa ufasaha wote. Ukiuliza mikataba bila kutaja Sura ya 345, utasomewa Uingereza. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, zikiwa na majina na namba. Kama mawakili walionaswa ni watu waliosomea sheria, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biashara ajihadhari na rejea yoyote ambayo hajaifungua mwenyewe. Matumizi ninayoyaona ya maana ni kinyume cha tuliyoyazoea: mpe sura uliyoisoma, mwambie akuulize maswali kumi kwa mtindo wa mtahini wako, ujibu, kisha ukague majibu yake kwa kitabu. Kazi ya kukosoa inabaki kwako.

Fedha iliyobaki, kama ipo, isiende kwenye cheti cha kozi ya pembeni kabla hujatumia ulichokwisha kulipia. Ndani ya ada ya chuo kuna maktaba ya kielektroniki. Vyuo vya Tanzania vinashirikiana kupitia COTUL, ushirika wa maktaba zao, vya Kenya kupitia KLISC, na taasisi nyingi za kwetu zina haki ya kuingia Research4Life, ambako majarida yanayouzwa ghali Ulaya yanafunguka bure au kwa bei ndogo. Wanafunzi wa mtandaoni ndio wanaoihitaji zaidi huduma hiyo na ndio wanaoijua kidogo zaidi, kwa kuwa hawapiti mlangoni kuona tangazo. Inahitaji nywila ya kuingilia ukiwa nje ya chuo, na nywila hiyo huwa kwa mkutubi. Mwandikie wiki ya kwanza ya muhula. Wiki ya mitihani kila mtu amemkumbuka, na barua pepe yake inajibiwa matokeo yakishatoka.